Nani Aliyeandika Wethatu Katika Simu Yangu?

Majuzi nilikuwa katika kibanda cha kijana mmoja atengenezaye simu mjini Meru, nikisubiri kioo cha simu yangu kibadilishwe, nikaonyeshwa jambo ambalo mtu wa taaluma yangu alipaswa kuwa amelijua miaka mingi iliyopita. Kijana alikuwa akiijaribu simu, akifungua huku na kufunga kule, hadi akafika mahali pa kuchagua lugha. Akanisogezea.

"Mwalimu, hebu tazama. Kumbe Kimeru kimo!"

Nikavaa miwani. Hakika kilikuwamo: Kĩmĩrũ, pamoja na vimawimbi vyake vyote vitatu juu ya irabu, wala hapana hata kimoja kilichosahauliwa. Nikapanda juu kidogo katika orodha ile, nikakutana na Kĩembu. Tulipoichagua ile ya kwanza, maandishi karibu yote yalibaki katika Kiingereza, kwa kuwa hakuna aliyeyafasiri. Lakini tarehe iligeuka. Siku ile ilikuwa Jumatano, na simu ikaandika: Wethatu.

Msomaji asiyekuwa wa upande huu wa Mlima Kenya atahitaji maelezo. Mmeru huanza kuhesabu siku za kazi kutoka Jumatatu, ambayo huiita Muramuko. Kisha hufuata Wairi, Wethatu, Wena na Wetano; na mwenye sikio la Kibantu atazisikia humo mbili, tatu, nne na tano bila ya kufundishwa. Kwa hiyo Wethatu, siku ya tatu, ni Jumatano. Mswahili naye huhesabu kutoka Jumamosi, ndiyo maana tatu yake huangukia siku ambayo Wazungu wamekwisha kurudi kazini. Waembu walichukua hesabu hiyo ya pwani nzima nzima wakaivika sauti yao: Njumatatu, Njumaine, Njumatano, Aramithi, Njumaa. Basi ukishavuka mto Thuchi, tatu huhama siku mbili.

Hili si suala la darasani tu. Mimi ni mzaliwa wa Imenti, na mke wangu anatoka upande wa Runyenjes. Mwaka tuliooana, mama yangu alizungumza kwa simu na shemeji yangu kuhusu siku ya wakwe kuja kututembelea, kila mmoja akitumia lugha yake kwa fahari, kwani lugha hizi husikilizana. Mama alisema Wethatu. Shemeji alisikia tatu, akaridhika. Wageni walifika Jumatatu saa nne asubuhi, wakamkuta mama shambani akichuma kahawa, gauni limelowa umande, na nyumbani hakuna hata chai. Mpaka leo kisa hicho husimuliwa kila wakwe wanapokutana, na kila upande huamini kwamba ni ule mwingine usiojua kuhesabu.

Niliporudi nyumbani niliitafuta data yenyewe, maana haikufichwa. Nikagundua jambo lililonifurahisha zaidi. Miezi ya Kĩmĩrũ iliyomo ni ya kukopa: Januarĩ, Feburuarĩ, Machi, Ĩpurũ, Mĩĩ. Miezi ya Kĩembu ni ya kuhesabu: Mweri wa mbere, Mweri wa kaĩri, Mweri wa kathatũ, hivyo hivyo hadi wa kumi na mbili. Yaani jirani mmoja alihesabu siku akaazima miezi, na mwenziwe akaazima siku akahesabu miezi. Nimefundisha isimu kwa miaka mingi katika eneo hili, nami sikuwahi kuziweka orodha hizo mbili bega kwa bega. Ilibidi simu mbovu inifundishe.

Nani basi aliyeyaandika haya? Si kampuni iliyoiunda simu. Hakuna mkurugenzi aliyeketi ng'ambo akafikiri kuhusu wachuma chai wa Manyatta au wakulima wa miraa wa Maua. Maneno haya yamo katika hazina iitwayo CLDR, ambayo ni mkusanyo wa majina ya siku, miezi, sarafu, nchi na lugha, kwa lugha za ulimwengu. Hazina hiyo ilianzishwa mwaka 2003 miongoni mwa watu wa Linux, na mwaka uliofuata ikahamia kwa muungano wa Unicode, ule unaoipa kila herufi nambari yake. Ni hazina huria. Google, Apple na Microsoft huchota humo, na mwanafunzi mwenye kompyuta kuukuu huchota humo humo. Lugha zetu ziliingizwa karibu na mwaka 2010 kwa juhudi za mtandao wa ANLoc, uliofadhiliwa na shirika la IDRC la Kanada na uliojiwekea shabaha ya lugha mia moja za Afrika. Palihitajika watu wa kujaza orodha tu. Mtu fulani aliijaza Kĩmĩrũ, na mtu fulani akaijaza Kĩembu.

Nimetumia neno huria, na hapa ninaomba ruhusa ya kujivuna kidogo kwa niaba ya Kiswahili. Tangu Richard Stallman aanzishe mradi wa GNU mwaka 1983, yeye na wenziwe wamelazimika kueleza tena na tena kwamba programu wanazozitetea si lazima ziwe za bila malipo. Kwamba jambo lenyewe ni uhuru wa kuifungua programu, kuisoma, kuirekebisha na kumgawia jirani. Kiingereza kina neno moja tu kwa maana zote mbili, na neno hilo limewatesa. Sisi tuna bure na tuna huria. Waliotoa Jambo OpenOffice katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mnamo 2004, kwa ushirikiano na Waswidi, hawakuhitaji aya nzima ya kujieleza. Mwaka uo huo Microsoft nayo ilitangaza kwamba ingetoa programu zake kwa Kiswahili. Sidhani kwamba ilikuwa sadfa tu, ingawa sina ushahidi wa kuupeleka mahakamani.

Lakini bure na huria, hata zikitenganishwa vizuri katika kamusi, bado hutuchanganya katika vitendo. Ninao mfano wangu mwenyewe.

Kĩmĩrũ na Kĩembu zina irabu saba, na alfabeti tuliyopewa ina tano. Mbili zilizobaki huandikwa kwa kimawimbi: ĩ, ambayo iko baina ya i na e, na ũ, ambayo iko baina ya u na o. Anayedhani kwamba ni mapambo na alitazame jina Meru. Mgeni alisikia ĩ akaandika e, na tangu siku hiyo ramani haijui kwamba watu wenyewe hujiita kwa irabu nyingine. Herufi hizo zimo katika Unicode, tena zilitangulia humo kwa ajili ya watu wengine, kwani hata orodha za zamani za herufi zilikuwa nazo kwa sababu ya Greenland. Mrumba wa wenzetu ulituangukia na sisi.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu, nilitumia programu niliyoinunua kwa fedha za mkopo. Nikibonyeza kimawimbi kisha a, nilipata ã ya Kireno. Kimawimbi kisha n, nikapata ñ ya Kihispania. Kimawimbi kisha i, nikapata vitu viwili vilivyosimama kando kando kama mahasimu. Nikalazimika kunakili ĩ moja kutoka mahali pengine na kuibandika mara elfu kadhaa. Siku moja rafiki yangu wa idara ya hisabati alinipisha mbele ya kompyuta yake ya Linux. Nikabonyeza kimawimbi, nikabonyeza i. Ikatokea ĩ. Nikabonyeza tena na tena kama mtoto aliyepata filimbi. Mtu fulani, ambaye huenda hajawahi kusikia jina la Embu, alikuwa amekwisha kuiandika kanuni hiyo katika jedwali na kuiacha wazi kwa yeyote atakayepita.

Nilihamia huko. Nikaimaliza tasnifu. Wala sikumlipa mtu chochote, ama kwa fedha ama kwa jasho. Nilichukua kilicho huria nikakitumia kama kilicho bure tu.

Sasa turudi kwenye orodha ya Kĩembu. Nilipoisoma hadi Jumamosi niliona imeandikwa NJumamothii: N kubwa ikifuatwa na J kubwa. Ni kosa la kidole kilichochelewa kuondoka, kosa ambalo kila mmoja wetu hulifanya mara kumi kwa siku. Simlaumu aliyelifanya, yeye angalau aliketi akafanya kazi. Ninachokiuliza ni hiki: iweje kosa la herufi moja likae katika hazina isomwayo na simu za dunia nzima kwa zaidi ya miaka kumi? Hazina ile ina mlango. Mtu hufungua akaunti, akapendekeza, wengine wakapiga kura, na toleo jipya hutoka karibu kila nusu mwaka. Embu kuna chuo kikuu tangu 2016, Meru na Chuka tangu 2013. Kuna wahadhiri wa lugha, wa kompyuta, na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu hadi wanakonda. Hakuna aliyegonga. Wala mimi sikugonga.

Nililiona kosa hilo mwezi wa Machi. Nikacheka, nikamwonyesha mke wangu, yeye akacheka zaidi. Kisha nikasahihisha mitihani.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba tusiwafanyie mabwana wakubwa kazi ya sulubu. Hoja yao ina uzito. Magazeti yamejaa habari za akili unde, na wajenzi wake wana njaa ya maandishi na sauti za kila lugha. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilipata dola milioni 3.4 kwa ajili ya mradi wa kukusanya sauti za Kiswahili, sauti ambazo mtu yeyote, tajiri au maskini, anaruhusiwa kuzichukua. Bibi wa Igoji aliyesoma sentensi zake kwa hisani anaweza kuzisikia baadaye katika bidhaa ya kuuzwa. Ninalielewa chungu hilo. Hata hivyo, Wethatu haikupungua Imenti kwa sababu Google wanayo, na lau ingefungiwa kabatini chuoni, kama zilivyofungiwa kanda nyingi za watafiti wetu, nisingeiona katika kibanda cha simu. La kuhofia zaidi ni kwamba mashine hizo zitajifunza Kĩembu kutokana na kile kilichopo, na kilichopo ni kidogo, nusu yake kimeandikwa bila ya vimawimbi, na Jumamosi yake ina J kubwa mahali isipostahili.

Wiki iliyopita hatimaye nilikaa kuandika pendekezo la kusahihisha. Nikakwama katika neno lile lile moja. Kuishusha J ni rahisi. Lakini je, mwishoni ni -mothii, kwa i mbili, au -mothi? Mke wangu anasema moja inatosha. Kaka yake wa Runyenjes anaivuta kama vile anaita mbuzi. Mzee mmoja wa Kianjokoma aliniambia kwamba yeye huandika Jumamosi, basi, kama alivyofunzwa shuleni. Wasomaji wa Manyatta, Runyenjes na Mbeere, ninaomba mniandikie kupitia gazeti hili: katika daftari la kanisa, katika risiti ya majani chai, katika ujumbe wa kumwita ndugu kwenye mazishi, ninyi huiandikaje siku hiyo?