Sumu ya Nyoka na Mgando wa Damu

Mkulima wa Dodoma ajikatapo kwa jembe, damu humtoka kwa dakika chache, kisha huganda. Kazi hiyo ni ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Kimeng'enya kiitwacho trombini huigeuza fibrinojeni, iliyoyeyuka katika damu, kuwa nyuzi zinazoziba jeraha mfano wa wavu.

Kuna nyoka wa mitini, Dispholidus typus, ambaye sumu yake huamsha trombini mwilini mote, pasipo jeraha lolote. Fibrinojeni hutumika bure hata ikaisha; ndipo mgonjwa huvuja damu bila kikomo. Dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Mwaka 1957 Karl Schmidt, bingwa wa elimu ya nyoka huko Chicago, aliumwa naye, akajiona amepata nafuu, akafa siku ya pili.

Hata zahanati isiyo na umeme yaweza kupima hali hiyo. Mililita 2 za damu ya mshipa hutiwa katika neli ya kioo, safi na kavu, zikaachwa zitulie dakika 20. Kisha neli huinamishwa. Damu ikitiririka kama maji, mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Neli ya plastiki haifai, kwani kugusana na kioo ndiko kunakoanzisha mgando. Iliyooshwa kwa sabuni nayo hudanganya.