Warsha Ikiisha, Mswada Unabaki na Nani?

Juni 1962 Chuo cha Makerere, Kampala, kilifurika waandishi. Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo walitoka Nigeria. Es'kia Mphahlele, Mwafrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni, alikuwa miongoni mwa waandaaji. Langston Hughes alikuja kutoka Marekani. Ukumbini walibishana: fasihi ya Kiafrika ni ipi hasa, na nani ana haki ya kuitwa mwandishi wa Kiafrika? Mabishano hayo yangali yanatajwa hadi leo, lakini jambo lililoifaa zaidi fasihi ya Afrika Mashariki lilitokea pembeni. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, wakati huo akijulikana kama James Ngugi, alimwendea Achebe na mswada wa riwaya akamwomba ausome. Achebe akakubali. Kutoka kwake mswada ukafika kwa wachapishaji wa Heinemann, na mwaka 1964 ukatoka kitabu, Weep Not, Child.

Msaada wa namna hiyo ndio anaouhitaji kila mwandishi anayeanza. Anataka mtu anayeijua kazi aketi na kurasa zake, amwambie ukweli, kisha amwonyeshe pa kwenda. Warsha za uandishi zinazofanyika leo Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Zanzibar zinafaa kupimwa kwa kipimo hicho kabla ya kuhesabu vyeti, posho na picha za pamoja.

Mwezi huohuo wa Juni 1962 Shaaban Robert alifariki dunia. Hakuna aliyekuwa amekiandikia Kiswahili kazi nyingi na nzito kama yeye katika karne ile: riwaya, insha, tenzi, wasifu. Makerere hakualikwa, kwa sababu mkutano uliitishwa kwa ajili ya Waafrika waandikao kwa Kiingereza. Zaidi ya miaka 20 baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe, akiwa ameshaliacha jina la James, alilieleza jambo hilo kwa uchungu katika Decolonising the Mind (1986): yeye mwanafunzi mwenye hadithi chache alistahili mwaliko, Shaaban Robert hakustahili. Dosari hiyo haijaisha. Warsha nyingi katika ukanda huu bado zinaendeshwa kwa Kiingereza, kwa mifano ya vitabu vya Kiingereza, hata pale washiriki wanapokula, kutaniana na kugombana kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku.

Umbo la sasa la warsha, yaani watu wachache kusoma kazi ya mwenzao na kuichambua mbele yake, lilipata umaarufu katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako programu ya namna hiyo ilianza 1936. Huku kwetu lilishika mizizi kwa njia mbalimbali. Kampala, mwaka 1996, Mary Karooro Okurut na wanawake wenzake walianzisha FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda. Nguvu ya FEMRITE haikutokana na semina kubwa. Ilitokana na Jumatatu. Kila Jumatatu jioni waandishi walikutana, mmoja akasoma alichoandika, wengine wakasema. Mtu aliyeshindwa wiki hii alijua kuwa wiki ijayo chumba kitafunguliwa tena. Goretti Kyomuhendo alikulia kiuandishi humo na kuwa mratibu wake, na Monica Arac de Nyeko, mwanachama wa chama hicho, alishinda Tuzo ya Caine ya uandishi wa Kiafrika mwaka 2007 kwa hadithi yake "Jambula Tree".

Nairobi nayo ina kisa chake. Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002, na mwaka uliofuata jarida la Kwani? likazaliwa. Mwaka huohuo wa 2003 Yvonne Adhiambo Owuor alitwaa tuzo hiyohiyo kwa hadithi iliyochapishwa na jarida hilo. Miaka 10 baadaye, mwaka 2013, waandishi vijana waliokutana katika warsha moja jijini humo walikataa kutawanyika ilipokwisha. Wakaunda kundi la waandishi la Jalada. Machi 2016 Jalada lilitoa toleo la tafsiri lenye hadithi ya Ngũgĩ aliyoiandika kwa Gĩkũyũ, nayo ilitoka ikiwa imefasiriwa katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Hayo ya Jalada yalianza kwa sababu kundi la watu waliofahamiana warshani liliamua kuendelea kusomana. Waandaaji wa warsha wangelitilia maanani hilo, wangepunguza bajeti ya ukumbi na kutenga fedha za mikutano ya miezi sita inayofuata.

Lakini warsha kubwa kuliko zote katika ukanda huu haikuwahi kuitwa warsha. Mwaka 1976 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walimwita Ngũgĩ, wakati huo mkuu wa idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ashiriki katika kituo chao cha elimu na utamaduni. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaombwa waandike mchezo kwa Gĩkũyũ. Rasimu ilipokuwa tayari ilisomwa hadharani, na hapo wakulima, vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa viwandani, baadhi yao wakiwa ndiyo kwanza wamejifunza kusoma na kuandika kituoni hapo, wakageuka kuwa wahariri. Walikataa kauli za wahusika. Mzee mwenye heshima zake hawezi kusema hivi, walieleza. Angetumia methali, na methali yenyewe ni hii. Wenye kujua kiwanda walifafanua maisha ya kiwandani ambayo profesa hakuwahi kuyaishi. Mazoezi yalifanyika uwanjani, mpita njia akisimama na kutoa lake.

Wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Ngaahika Ndeenda, mchezo ambao Waswahili waliupata kama Nitaolewa Nikipenda, ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Katikati ya Novemba serikali ikafuta kibali. Siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa.

Ni nadra kwa mswada wowote katika Afrika Mashariki kuhaririwa na watu wengi kiasi hicho, kwa lugha yao wenyewe, na mwandishi akakubali kusahihishwa na mtu asiye na cheti hata kimoja. Warsha za Kiswahili zina la kuiga hapo. Mwandishi wa riwaya ya uvuvi amsomee mvuvi sura yake. Mwandishi wa mchezo wa sokoni awasomee wauzaji wa sokoni. Watamwambia papo hapo pale ambapo mhusika wake anazungumza kama tafsiri ya filamu.

Ushairi wa Kiswahili, kwa upande wake, ulikuwa na shule yake tangu zamani. Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam na waziri wa sheria, alichapisha mwaka 1954 Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Ni kitabu cha ufundi hasa: kinafundisha mizani, vina, kituo na adabu za utunzi, kisha kinaonyesha kwa mashairi ya mtunzi mwenyewe. Magazeti yalikuwa darasa jingine. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilitoa nafasi kwa washairi, na mtu wa Tabora aliyetunga shairi angeweza kujibiwa na mtu wa Tanga aliyelikosoa kina kwa kina. Mwaka 1959 kikaundwa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na Mathias Mnyampala, bingwa wa ngonjera, akawa miongoni mwa viongozi wake. Wazee hao walikosoana hadharani bila kuvunjiana heshima, na ukosoaji wao ulihusu kazi: mizani imezidi, kina kimerudiwa, neno hili limelazimishwa. Miaka ya 1970 kizazi cha Euphrase Kezilahabi kilizipinga sheria hizo kwa mashairi huru, na ugomvi uliofuata uliufaidisha ushairi kuliko ukimya.

Nathari haikupata mwongozo wenye nguvu namna hiyo. Ilipata mashindano. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, iliandaa shindano la hadithi ambalo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilishinda mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960 na kumtambulisha mpelelezi Bwana Msa kwa wasomaji. Leo kuna Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell na kutoa washindi wa kwanza mwaka 2015, na Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Tuzo ni jambo jema mno. Lakini tuzo humfikia aliyekwisha kuandika vizuri. Wale mamia walioshindwa hurudi nyumbani bila kujua walishindwa wapi.

Kosa linalojirudia katika hadithi za wanaoanza ni mwandishi kumwingilia msomaji. Kisa kinakwenda vizuri, mhusika ameumizwa, msomaji ameshaelewa, ghafla mwandishi anajitokeza ukurasa wa mwisho kutoa mawaidha. Mazoea hayo yametokana na mtihani wa fasihi shuleni, ambako kila hadithi huulizwa maudhui na ujumbe wake. Warsha ya siku tatu inaweza kuyaondoa kwa zoezi moja tu: kila mshiriki akate aya ya mwisho ya hadithi yake, isomwe kwa sauti bila aya hiyo, wenzake waseme kama kuna kilichopungua. Kusoma kwa sauti kwenyewe ni zana. Kiswahili ni lugha ya masikio, na sentensi iliyojengwa vibaya humkwaza msomaji mdomoni kabla haijamkwaza akilini.

Waliotambua mapema kwamba mwandishi hapaswi kusema kila kitu ni waandishi wa watoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, uliwafunza waandishi, wachoraji, wahariri na wachapishaji, kisha ukanunua sehemu ya nakala zilizochapishwa na kuzipeleka shuleni. Mwandishi alijifunza kumwachia mchoraji nusu ya kisa. Na alikuwa na hakika kuwa kitabu kikiwa kizuri, kitachapwa na kitasomwa. Huo ndio mpango kamili: ufundi, uhariri, soko.

Zana za mezani nazo zimeongezeka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA 2015. Mwandishi asiye na kamusi ya Kiswahili sanifu, hata moja, hajaanza kazi. Mwaka 2004 wataalamu waliofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili yenye kikagua tahajia. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, maana kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli kwa pamoja. Kompyuta isiyojua kukichambua hupigia mstari mwekundu hata maneno sahihi. Tangu 2017 Google imewezesha kuandika Kiswahili kwa kusema. Hiyo ni neema kwa mtunzi anayefikiri kwa sauti, na kwa yule anayerekodi simulizi za bibi na babu kijijini.

Zana moja haijulikani inavyostahili. Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, kina hazina ya matini za Kiswahili yenye maneno takribani milioni 25, kutoka magazetini na vitabuni. Mwandishi anayesita kama neno fulani huambatana na lipi anaweza kulitafuta humo akaona Waswahili wamelitumia vipi katika sentensi halisi. Kila warsha ingetenga saa mbili kuonyesha jinsi ya kuitumia. Kuhusu programu za akili unde zinazoandika zenyewe, hukumu ya makala haya ni kwamba zinaweza kumsaidia mwandishi kupanga tarehe na kukagua herufi, lakini sentensi zake azitunge mwenyewe. Kiswahili kinachotoka humo mara nyingi kina mifupa ya Kiingereza, na anayekizoea hupoteza sikio lake.

Ikumbukwe pia kwamba Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, akiandika kwenye karatasi za msalani, na Ngũgĩ alifanya vivyo hivyo katika gereza la Kamiti kwa riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ. Vifaa vina umuhimu wake. Wasomaji wa kwanza wana umuhimu zaidi, na hao hawanunuliwi dukani.

Kwa hiyo kuna maombi matatu. Maktaba za mikoa Tanzania na za kaunti Kenya zifungue chumba kimoja, jioni moja kila wiki, kwa waandishi wa Kiswahili wa eneo lao. Meza na viti vipo tayari. Wanaosimamia tuzo wamrudishie kila aliyefika mchujo wa mwisho ukurasa mmoja wa maoni ya majaji, hata kama hakushinda. Wachapishaji wamtume walau mhariri mmoja katika kila warsha ya Kiswahili, aondoke na miswada miwili mkobani na tarehe ya kuijibu.

Na mwenye mswada drooni asisubiri mwaliko. Atafute wenzake wanne, wakubaliane siku, kila mmoja aje na kurasa tano zilizochapwa na kalamu nyekundu, na waanze kusomeana wiki hii.