Chaja ya Gari Nje ya Nyumba: Kagua Boksi Kwanza, Ndipo Utume Pesa

Gari la umeme si kioja tena Kenya. Nissan Leaf za mtumba kutoka Japani ziko barabarani, BYD zimeingia, na pikipiki za stima zinabeba abiria kila siku. Swali la wengi sasa si "hili gari litanifikisha?" Swali ni "nitalichajia wapi?"

Jibu rahisi ni nyumbani, usiku, ukiwa umelala. Lakini gari hulala nje, kwa hivyo chaja na swichi zake nazo hulala nje. Zinahitaji boksi la kuzikinga na mvua, vumbi, jua, mijusi na mikono ya watoto.

Boksi hilo huwa ni sehemu ndogo ya bajeti, na ndiyo maana watu hulidharau. Wanatumia laki kadhaa au milioni kwa gari, kisha wanaacha boksi lolote lililobaki kwa fundi lifungwe ukutani. Shida huonekana baadaye: maji yanaingia, waya unaungua, na pesa ya fundi ilishatumwa zamani.

Kutuma pesa kwa simu ni sekunde chache. Kujua kama kazi ni nzuri huchukua muda zaidi. Kwa hivyo gawanya malipo yako kwa hatua nne, na kabla ya kila hatua uwe umeona kitu kwa macho yako. Hapa tunakueleza uangalie nini.

Mbona chaja si kama soketi ya kawaida?

Fikiria shawa ya instanti. Inakula stima nyingi sana, lakini kwa dakika kumi tu, halafu inapumzika. Chaja ya ukutani ya ampea 32 kwenye volti 240 inavuta karibu kilowati 7.7, na inaweza kufanya hivyo saa tatu, nne au zaidi bila kupumzika. Waya uliofungwa vibaya hauonyeshi shida kwa dakika kumi. Kwa saa nne, pale mahali palipolegea panapata moto, plastiki inayeyuka, na ukiwa usingizini hutajua.

Hata ukitumia ile chaja ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, inayovuta ampea 10 hivi, bado ni kilowati 2.4 usiku kucha. Kupitisha ekstensheni dirishani hadi kwenye gari ni hatari, hasa ikiwa imekunjwa au kiungo chake kiko kwenye nyasi zenye umande. Usifanye hivyo, hata kwa usiku mmoja.

Hatua ya 1: Lipia ziara, si kazi

Malipo ya kwanza yawe madogo: nauli na muda wa fundi kuja kuona nyumba. Kabla ya kumtumia, muulize leseni yake ya EPRA. Hiyo ndiyo mamlaka inayotoa leseni kwa mafundi wa stima Kenya, na leseni huwa na daraja na tarehe ya kuisha. Si kila daraja linaruhusiwa kufanya kila kazi, kwa hivyo muulize kama lake linamruhusu kufanya hii. Linganisha jina lililo kwenye leseni na jina linalotokea kwenye simu yako unapotaka kutuma pesa. Yakitofautiana, uliza kwanza.

Fundi akifika, aangalie mambo matatu:

- Laini yako inaweza kubeba mzigo huu? Ukiwasha shawa, jiko la umeme, pasi na chaja pamoja, meni swichi itastahimili?
- Athi ya nyumba ni nzima? Aipime kwa mita, asikuambie tu "iko sawa."
- Kutoka kwenye DB hadi gari linapoegeshwa ni mita ngapi? Umbali ndio unaamua unene wa kebo. Kwa chaja ya ampea 32, kebo ya milimita 6 za mraba ndiyo mara nyingi mwanzo wa hesabu, na umbali ukizidi anapanda hadi 10.

Gari lako pia linaamua. Leaf nyingi za kutoka Japani hupokea kilowati 3 au 6 tu kwenye chaja ya nyumbani. Kama lako linapokea 3, chaja ya 7 haitalijaza haraka zaidi. Usilipie nguvu ambayo gari haliwezi kumeza.

Akimaliza, akuandikie orodha ya vifaa, idadi, na bei ya kazi. Hata kwa ujumbe wa simu ni sawa, mradi imeandikwa.

Hatua ya 2: Lipia vifaa dukani, si kwa namba ya fundi

Hapa ndipo pesa nyingi huenda, na ndipo ugomvi mwingi huanzia. Ukimtumia fundi pesa ya vifaa kwa namba yake, rekodi yako itaonyesha tu kwamba ulimtumia mtu pesa. Haitaonyesha ulinunua boksi gani. Nenda naye duka la hadiwea, au mpigie muuzaji mwenyewe, kisha lipa kwenye till ya duka. Soma jina la duka kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Itisha risiti ya eTIMS. Kifaa kikiwa kibovu, hiyo risiti ndiyo itakusaidia kukirudisha.

Kwenye boksi lenyewe, angalia haya:

*Namba ya IP.* Imeandikwa kwenye boksi au karatasi yake. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na vitu vigumu, ya pili ni ya maji. IP20 ni la ndani ya nyumba. Nje halifai kabisa. IP54 linaweza kufaa chini ya paa la gari mahali mvua haipigi moja kwa moja. Ukutani mahali panapopigwa na mvua na vumbi la murram, chukua IP65: vumbi haliingii, na linastahimili maji yanayorushwa kwa bomba.

*Limetengenezwa na nini.* Jua letu hupasua plastiki duni. Baada ya miaka michache inakuwa kama biskuti. Uliza kama plastiki hiyo imetengenezwa kuhimili jua. Mombasa, Kilifi, Malindi na kwingine karibu na bahari, chumvi hula chuma cha kawaida haraka, kwa hivyo plastiki nzuri au chuma cha pua ni salama zaidi. Rangi nyeupe au kijivu hafifu haishiki joto kama nyeusi.

*Ukubwa.* Usinunue la kubana. Swichi za ndani hupata joto, na zikibanana kwenye boksi dogo linalopigwa na jua zinaweza kuzima hata kama hakuna hitilafu. Bakisha nafasi ya hewa.

*Alama ya KEBS.* Angalia alama ya ubora, au stika ya ISM kwa bidhaa za kutoka nje. Namba iliyo kwenye alama unaweza kuihakiki kwa SMS kwenda 20023.

Ndani ya boksi kutakuwa na sakiti breka ya chaja peke yake (mara nyingi ampea 40 kwa chaja ya 32) na kinga ya mvujo wa stima, ile mafundi huita RCD, ya miliampea 30. Hapa kuwa makini. Gari la umeme linaweza kuvujisha mkondo wa DC, na RCD ya kawaida, ya aina AC, huenda isiuone. Inatakiwa aina B, au aina A kama chaja yenyewe ina kinga ya DC ya miliampea 6. Muulize fundi ni ipi na akuonyeshe ilipoandikwa. Kama unaishi sehemu za radi nyingi kama Kisii au Kakamega, ongeza kifaa cha kuzuia stima inayopanda ghafla.

Hatua ya 3: Boksi liko ukutani, lakini bado halijafungwa

Hii ndiyo hatua watu huruka. Mwambie fundi asifunge kifuniko hadi uone. Stima ikiwa imezimwa, angalia:

- Liko wapi? Urefu wa kama mita moja kutoka chini ni mzuri: juu ya maji ya mafuriko ya ua, chini ya macho. Lisiwe chini ya mfereji wa paa, wala mahali gari linaweza kulirudia kinyumenyume.
- Kebo zinaingilia wapi? Ziingilie chini. Tundu la juu ni mlango wa maji. IP65 ni ya boksi kabla halijatobolewa. Kila tundu jipya bila glandi ya kukaza kebo linaifuta hiyo namba. Kupaka silikoni juu ya tundu kubwa si glandi.
- Matundu yaliyobaki yamezibwa? Nyigu, siafu na mijusi wanapenda sana boksi lenye joto. Mjusi mmoja kwenye nyaya anatosha kuzima stima ya nyumba nzima.
- Kuna njia ya unyevu kutoka? Usiku wa baridi, hewa ya ndani hugeuka matone. Kuna kifaa kidogo cha kupumulia kinachowekwa chini ya boksi, kinatoa unyevu bila kuingiza mvua.
- Nyaya zimekazwa? Mwambie akaze kila skrubu ukiona. Vuta waya kidogo, usicheze.
- Kebo ya chini ya ardhi ni ile yenye nyaya za chuma kuizunguka? Imefukiwa vya kutosha jembe lisifike?

Piga picha. Ukiridhika, tuma nusu ya pesa ya kazi.

Hatua ya 4: Malipo ya mwisho baada ya majaribio

Chomeka gari. Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye RCD. Stima ya chaja ikatike papo hapo. Washa tena, acha gari lichaji saa nzima, kisha gusa kifuniko cha boksi kwa nje. Vuguvugu ni kawaida. Kikiwa na moto wa kukufanya utoe mkono, au ukisikia harufu ya plastiki, zima na umwite fundi arudi.

Pata cheti cha kukamilisha kazi chenye sahihi na namba ya leseni yake. Hicho ndicho bima na mwenye nyumba watauliza siku kukitokea jambo.

Usimwage maji kwenye boksi kulijaribu. Subiri mvua ya kwanza kubwa. Ndiyo maana tunapendekeza mkubaliane mapema ubakishe kiasi kidogo hadi mvua inyeshe na fundi afungue aone ndani ni pakavu.

Hesabu inaweza kuwa hivi. Hizi ni tarakimu za mfano tu: kazi nzima KSh 80,000. Ziara 2,000. Vifaa 50,000, moja kwa moja kwa till ya duka. Boksi likiwa ukutani 14,000. Baada ya majaribio na cheti 11,000. Baada ya mvua 3,000. Fundi mzuri hatakataa mpango huu, kwa sababu naye unamlinda: kila hatua ana uhakika wa kulipwa.

Maswali tunayoulizwa

*Fundi amepiga simu akisema bei imepanda, nitume kwa namba nyingine. Nifanye nini?*
Kata. Mpigie kwa namba yake ya siku zote. Kama ni kweli, akutumie bei mpya kwa maandishi, na pesa iende kwa till ya duka.

*Kazi ikiwa mbaya, naweza kurudisha muamala?*
Kurudisha pesa ni kwa ajili ya muamala uliokosea namba. Hakutatui ugomvi wa kazi. Kinga yako ni kulipa kwa hatua na kuweka risiti.

*Mimi ni mpangaji. Je?*
Pata ruhusa ya mwenye ploti kwa maandishi, na mkubaliane boksi ni la nani ukihama. Msiunganishe kwenye stima ya ngazi na taa za nje inayolipwa na wapangaji wote. Vita vitaanza mwezi wa kwanza.

*Tokeni zangu zitaisha haraka?*
Ndiyo. Uniti 20 kwa usiku mmoja, mara mbili kwa wiki, ni uniti 160 hivi kwa mwezi juu ya matumizi yako ya kawaida, na matumizi ya nyumbani yanayopita uniti 100 huingia bei ya juu. EPRA iliweka bei maalum ya kuchaji magari ya umeme mwaka 2023, kwa hivyo uliza Kenya Power kama unaweza kupata mita ya pekee. Nunua tokeni kabla ya kulala kupitia paybill 888880, usije ukaamka gari likiwa nusu.

*Fundi anasema anaweza kuunganisha kabla ya mita. Ni sawa?*
Hapana kabisa. Mita na kila kilicho kabla yake ni cha Kenya Power. Ni kosa la jinai na ni hatari. Fundi anayekuambia hivyo, mlipe ziara yake umalizane naye hapo.

Hifadhi ukurasa huu kwenye simu, na siku fundi akija, usome naye hatua kwa hatua mkiwa mmesimama mbele ya boksi. PIN uiweke mwisho.