Hedhi: Kwa nini siku ya 14 si hesabu ya kila mwanamke

Wanawake wengi huamini kwamba siku ya 14 tangu hedhi ilipoanza ndiyo siku ya hatari, yaani ya kushika mimba. Hesabu hiyo ni sahihi kwa baadhi yao tu, na imewaponza wengi.

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya kutoka damu hadi siku inayotangulia hedhi nyingine. Kwa mwanamke mtu mzima, mzunguko wa kati ya siku 21 na 35 ni wa kawaida. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, unaweza kufika siku 45.

Yai hupevuka lini?

Katika kipindi cha kwanza cha mzunguko, homoni hukuza yai ndani ya ovari na kunenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi. Yai likishapevuka hutoka na kuingia katika mrija wa uzazi, ambamo huishi kwa muda usiozidi saa 24. Lisiporutubishwa, homoni hupungua, na ukuta ule hubomoka na kutoka kama hedhi.

Tangu yai kutoka hadi hedhi inayofuata hupita takriban siku 14. Kinachorefuka au kufupika zaidi ni kipindi cha kwanza. Kwa hiyo, mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14, mwenye siku 35 karibu na siku ya 21, na mwenye siku 24 karibu na siku ya 10. Aidha, mbegu za kiume zaweza kuishi mwilini hadi siku 5. Ndiyo maana kalenda peke yake si kinga ya kutegemewa.

Dalili zisizopaswa kuvumiliwa

Maumivu ya chini ya tumbo, ambayo wengi huyaita chango, huwapata wanawake wengi. Hata hivyo, maumivu yanayomzuia mwanamke kwenda kazini au shuleni kila mwezi huenda yakawa dalili ya endometriosi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na ukuta wa mfuko wa uzazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa ugonjwa huo huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Damu inayotoka zaidi ya siku 7, au inayolowesha pedi kila saa, huleta upungufu wa damu. Mara nyingine chanzo ni fibroidi, uvimbe usio saratani ambao huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika.

Hedhi ikikosekana kwa miezi 3 bila mimba wala kunyonyesha, huenda homoni zimevurugika. Na damu inayotoka baada ya mwanamke kukoma hedhi yataka uchunguzi wa daktari bila kuchelewa.

Mwanamke anayeandika tarehe zake kila mwezi hujua mapema mzunguko wake unapobadilika, naye daktari hupata pa kuanzia.