Istilahi za Springi za Majani: Jinsi ya Kueleza Marekebisho ya Kimo cha Gari

Miongoni mwa maandishi yanayomtatiza mfasiri, vitabu vya maelekezo ya ufundi vina nafasi ya pekee. Neno lisilofaa katika hadithi humkera msomaji. Lakini neno lisilofaa katika maelekezo ya ufundi laweza kumdhuru mtu aliyelala chini ya gari. Kwa sababu hiyo, tumeonelea katika makala haya tuchukue kazi moja ndogo ya ufundi, tuieleze tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tutazame ni maneno gani yanayoibeba vizuri na ni yapi yanayoipotosha. Kazi yenyewe ni kurekebisha kimo cha sehemu ya nyuma ya gari lenye springi za majani.

Mfano tuliouchagua ni gari la michezo la Kiingereza liitwalo MGB, lililoundwa katika mji wa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hadi 1980. Yaliundwa magari zaidi ya 500,000, na mengi yangali yakitunzwa na wapenzi wa magari ya zamani. Tumelichagua kwa kuwa historia yake yenyewe inahusu kimo. Mwishoni mwa mwaka 1974, ili kutimiza sheria za Marekani kuhusu bampa, waundaji waliliongezea kimo kwa kiasi cha inchi moja hadi inchi moja na nusu, wakalivika pia bampa nene nyeusi. Gari liliyumba zaidi kwenye kona kuliko lile la awali. Hivyo wako wenye magari ya baada ya mwaka huo wanaotaka kuyarudisha katika kimo cha zamani, na wako wengine ambao springi zao zimechoka na wanataka kimo kilichopotea kirudi.

Tuanze na neno lenyewe. Mfasiri akiandika "urefu wa gari", msomaji ataelewa umbali kutoka bampa ya mbele hadi ya nyuma. Neno "urefu" katika lugha yetu hubeba maana mbili, ya kulala na ya kusimama, na katika ufundi maana hizo hazina budi kutengwa. Neno "kimo" linatosha kwa ile ya kusimama. Lakini hata "kimo cha gari" peke yake laweza kudhaniwa kuwa ni kutoka ardhini hadi paani. Kinachokusudiwa hapa ni jinsi bodi ilivyokaa juu ya springi zake. Kwa hiyo tunapendekeza "kimo cha mkao".

Kimo cha mkao hupimwaje? Gari huwekwa mahali palipo sawa, matairi yakiwa na upepo unaotakiwa. Husukumwa mbele na nyuma kidogo ili springi zikae kama kawaida yake. Kisha hupimwa umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake, kulia na kushoto. Haifai kupima kutoka ardhini, kwani tairi lililolika au lenye upepo mdogo litabadili kipimo na hali springi haikubadilika.

Sasa tuitazame springi yenyewe. Springi ya majani ni vipande vyembamba vya chuma cha pua, vyenye kupindika mfano wa upinde, vilivyolazwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja katikati kwa bolti. Kila kipande mafundi hukiita "jani", na hatuoni sababu ya kulikataa neno hilo. Lililo refu kuliko yote, ambalo ncha zake zimekunjwa kuwa matundu, tunaliita "jani kuu". Mpindo wa springi tunauita "tao". Gari linapobeba mzigo tao hunyooka, na tao likinyooka springi huwa ndefu zaidi. Ndiyo sababu ncha moja ya springi, katika MGB ile ya mbele, hufungwa mahali pamoja, na ncha ya pili hushikwa na kiungo kinachoweza kubembea.

Kiungo hicho ni mfano mzuri wa hatari ya kufuata kamusi bila kuona kitu chenyewe. Jina lake la Kiingereza lina maana pia ya pingu. Lakini kazi ya pingu ni kuzuia mwendo, na kazi ya kiungo hiki ni kuuruhusu. Mafundi husema "shakeli", na neno hilo lisiloleta picha yoyote ni bora kuliko neno linaloleta picha ya uongo.

Zipo njia tatu kubwa za kubadili kimo cha mkao. Ya kwanza ni kuishughulikia springi yenyewe. Springi iliyotumika miaka mingi hupoteza tao lake. Mafundi husema "imelala", na usemi huo ni sahihi na mzuri. Fundi wa springi huweza kuifungua, kuyakunja majani upya, au kuweka nyingine mpya. Kuongeza jani pia huinua kimo, lakini huifanya springi iwe ngumu zaidi. Mfasiri asiyachanganye mambo hayo mawili, kimo na ugumu, kana kwamba ni jambo moja.

Njia ya pili ni kubadili shakeli. Shakeli ndefu zaidi huisogeza ncha ya springi mbali na bodi, na hivyo huinua gari. Kwa kuwa ni ncha moja tu inayosogea, na ekseli imefungwa karibu na katikati ya springi, shakeli iliyozidi kwa sentimita 2 huinua kimo kwa kiasi cha sentimita 1. Aidha, njia hii huinamisha ekseli kidogo, na huenda ikahitajiwa kabari nyembamba ya kuirudisha katika pembe yake. Hapa lugha yetu ilikwisha kuwa na neno kabla ya gari kufika: kabari ya seremala na kabari ya fundi wa magari zina umbo moja.

Njia ya tatu ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya. Pande la chuma huwekwa kati ya springi na ekseli, kisha vyote hukazwa kwa yubolti ndefu zaidi. Kiingereza hukipa kifaa hiki, kwa magari kama MGB, jina lenye maana ya "pande la kushushia". Je, tufasiri hivyo? Katika MGB springi hupita chini ya ekseli. Pande likiingizwa kati yao, springi husukumwa chini, na kwa kuwa bodi imefungwa kwenye ncha za springi, nayo hushuka. Katika malori mengi springi hukaa juu ya ekseli. Pande lile lile, likiwekwa kati yao, huinua bodi. Kwa hiyo fundi aliyezoea malori akisoma "pande la kushushia" ataona kichekesho, na aliyezoea MGB akisoma "pande la kuinulia" ataona vivyo hivyo. Tunapendekeza "pande la kutenga", jina linalotaja kazi isiyobadilika, yaani kutenga springi na ekseli, na kuyaacha matokeo yaelezwe na sentensi.

Kitenzi "kushusha" nacho kina mtego. Katika maelekezo hayo hayo huja agizo la kupunguza kimo cha gari, na baadaye agizo la kuliondoa gari juu ya jeki. Mfasiri akisema "shusha gari" mara zote mbili, ameacha fundi abahatishe. Sisi tunaonelea isemwe "punguza kimo" kwa lile la kwanza na "tua gari" kwa la pili, kama vile mtu anavyotua mzigo.

Lakini sehemu inayohitaji uangalifu kupita zote ni ya mwisho. Bushi za raba zilizo kwenye matundu ya springi hushikwa na nati. Nati hizo zikikazwa kabisa wakati ekseli inaning'inia, raba itajipinda mara gari litakapotuliwa, na itachanika mapema. Sharti zikazwe baada ya uzito wa gari kuwa juu ya magurudumu. Mfasiri akiandika "kaza nati gari likiwa limesimama", hakusema lolote, kwani gari lililo juu ya jeki nalo limesimama. Aandike: "kaza nati gari likiwa limekalia magurudumu yake". Vivyo hivyo, agizo la kwamba mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, bila vigingi imara vya kulizuia, lisifichwe katikati ya aya ndefu. Na agizo la kukagua tena yubolti baada ya mwendo mfupi liandikwe kama hatua inayojitegemea, si kama nyongeza.

Kwa muhtasari, tunayaweka mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo:

1. Kimo cha mkao: umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa limekalia magurudumu yake.
2. Jani kuu: jani la springi lenye matundu kwenye ncha zake.
3. Tao: mpindo wa springi ya majani.
4. Kulala (kwa springi): kupoteza tao kwa sababu ya uchovu.
5. Shakeli: kiungo kinachobembea, kinachounga ncha ya springi na bodi.
6. Pande la kutenga: pande la chuma liwekwalo kati ya springi na ekseli.
7. Kutua gari: kuliondoa gari juu ya jeki likae juu ya magurudumu yake.

Wasomaji wataona kwamba mengi ya maneno haya saba yalikuwamo kinywani mwetu, yakingoja kupewa kazi. Walimu wa shule za ufundi wanaombwa wayajaribu mbele ya wanafunzi wenye spana mikononi, kisha watuandikie ni yapi yaliyofaa na ni yapi ambayo fundi aliyacheka. Kicheko cha fundi ni ushahidi ambao mkuza istilahi hana budi kuupokea.