Una Datsun 240Z? Soma Hii Kabla Fundi wa Alainimenti Hajakuguza Magurudumu

Wasee wa madinga za kitambo, hii ni yenu. Umejinyima, umechanga doh, na hatimaye umeshika Datsun 240Z, ile ndai iliyoshinda Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, halafu ikarudia 1973 na Shekhar Mehta. (Hiyo ya Mehta ilikuwa noma. Yeye na Harry Källström, pia wa Datsun, walimaliza na pointi sawa, ikabidi sheria za rally ziamue nani mshindi.)

Sasa uko nayo Thika Road, na ukilegeza mkono kidogo inavuta kushoto. Tairi za mbele zimeliwa upande mmoja. Kila mtu anakushow, "Si upeleke tu alainimenti." Sawa, lakini upeleke kwa nani? Nairobi mashine za alainimenti zimejaa. Mtu anayeelewa gari yako ndio kazi kumpata.

Anza kwa kujua gari yako kumliko. 240Z vile ilitoka kiwandani inasetiwa kitu moja tu: tou ya mbele, yaani kama tairi mbili za mbele zinaangalia ndani ama nje, kama miguu ya mtu akitembea. Inarekebishwa kwenye tairodi. Kemba, yaani vile tairi imelala ukiicheki kutoka mbele, haina pa kuseti. Kasta pia haina. Nyuma ndio kabisa, huwezi geuza kitu. Ukitaka kubadilisha hizo zingine, lazima uweke vipuri ambavyo kiwanda hakikuweka.

Hapo ndio pa kumpima fundi. Muulize kwa heshima, "Boss, kemba ya hii utaiseti aje?" Akikujibu, "Hiyo ni kitu ndogo, tutaseti magurudumu zote nne," mwambie asante, washa gari, jitoe. Ama hajawahi kuiona hii gari, ama anataka kukulipisha kazi ambayo haitafanyika. Mtu wa ukweli ataingia chini na tochi kwanza, acheki kama mwenye alikuwa nayo mbele yako aliongeza kitu, ndio akujibu.

Na akiwa huko chini, asitoke haraka. Hii gari ina zaidi ya miaka 50. Kama bushi za raba bado ni zile za zamani, zimekauka na kupasuka, na ukiseti tou juu ya bushi mbovu, namba zitakuwa poa kwa mashine halafu zipotee kwa bampu ya kwanza. Gari ikiwa imeinuliwa na imeshikiliwa vizuri, atikise tairi akiishika juu na chini: ikicheza, shuku bearing ama bolijointi. Aishike kushoto na kulia: ikicheza, shuku tairodi ama raki ya steringi. Fundi akikwambia, "Leo sitafanya alainimenti, nunua bushi kwanza," usikasirike. Huyo amekataa pesa yako ya leo, na ni wachache hufanya hivyo. Tairodi iliyokwisha si mambo ya tairi kuliwa tu. Ikiachana ukiteremka Mai Mahiu, steringi unayo lakini gurudumu moja inaenda kwake.

Kuna kitu ingine kuhusu mashine. Nyingi zina orodha ya magari ndani, na Datsun yako inaweza kosa kuwa hapo. Fundi mvivu atachagua gari yoyote ya Nissan, screen ionyeshe kijani, mkono wa doh utoke. Enda na vipimo kutoka kwa kitabu cha warsha cha 240Z, umwambie afuate hivyo. Akikataa hata kuvisoma, umeshapata jibu.

Kabla ya kupima, pressure ya tairi iwe sawa, na gari ikitoka kwa jeki isukumwe kidogo mbele na nyuma ndio springi zikae. Steringi ifungwe ikiwa katikati. Akizungusha tairodi ya upande mmoja pekee, utaenda home gari ikinyooka na steringi ikiwa imepinda. Na usitoke bila karatasi mbili, ya vipimo kabla na ya baada. Hiyo ya kwanza ndio wengi husahau kuitisha, na bila hiyo hakuna vile utajua kama kuna kitu ilibadilika.

Pa kumpata fundi kama huyo? Tangazo la barabarani halitakusaidia sana. Enda Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambapo magari za kitambo hushindana, uulize wenye magari wenyewe, "Nani hukuguzia suspension?" Jina likitajwa na watu watatu ambao hawajuani, andika. Grogan pia kuna wazee wanajua hizi Datsun nje ndani, hata kama hawana mashine. Mmoja akague bushi, mwingine apime.

Ukishatoka, endesha wiki moja halafu pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kuingia ndani, kisha urudishe. Ikiwa laini upande mmoja na inakwaruza ukirudi, tou bado haijakaa. Rudi kwake na zile karatasi mbili mkononi.