Vitabu vya Picha Vyamsaidia Mtoto Kuelewa Ukimbizi

Mtoto wa miaka saba husikia mengi kuliko wazazi wanavyodhani. Husikia minong'ono ya watu wazima pindi uchaguzi unapokaribia, huona mahema ya Dadaab na Kakuma kwenye taarifa ya habari, na shuleni mwenzake humwambia kuwa nyumba ya babu yake iliwahi kuchomwa. Akiuliza nyumbani hukemewa: "Hayo si mambo ya watoto!"

Mtoto aliyenyamazishwa haachi kuwaza. Aghalabu hofu hujitokeza mwilini: jinamizi usiku, kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, au tumbo linalouma kila asubuhi ya shule. Bila shaka si kila tumbo ni hofu. Kwanza apimwe mkojo na choo, minyoo bado ipo. Lakini vipimo vikiwa safi na malalamiko yakizidi, mzazi ajiulize mtoto amesikia nini.

Kwetu huku Kabazi na Nakuru kwa jumla, ukimbizi si hadithi ya nchi za mbali. Bonde la Ufa lilikumbwa na mapigano mwanzoni mwa miaka ya 1990, tena 1998. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na wengine zaidi ya 600,000 wakafurushwa makwao. Maelfu walilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nakuru. Hawa huitwa wakimbizi wa ndani kwa kuwa hawakuvuka mpaka, ingawa kwa mtoto aliyelala chini ya turubai tofauti hiyo haina maana. Hata jirani zetu wa Solai, bwawa lilipopasuka Mei 9, 2018, walijua maana ya kupoteza nyumba kwa usiku mmoja.

Kitabu cha picha kinafaa kwa sababu mtoto ndiye anayeshika usukani. Picha ya televisheni hupita na kumwacha na mshtuko, lakini ukurasa husubiri. Anaweza kurudi nyuma, kuuliza, au kukifunga kitabu. Tena huzungumza kupitia kwa mhusika. Ni rahisi kuuliza, "Huyu mvulana alilia?" kuliko kusema, "Mimi naogopa."

Kwa walio wadogo, kipo Brothers in Hope cha Mary Williams (2005), kinachosimulia wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu hadi Ethiopia na hatimaye kufika Kenya, wakubwa wakiwatunza wadogo. Kwa wenye miaka tisa na zaidi, When Stars Are Scattered cha Victoria Jamieson na Omar Mohamed (2020) huonyesha maisha ya Omar mwenyewe na mdogo wake Hassan katika kambi ya Dadaab. Hiki nakipenda zaidi, na nakiri ni kwa sababu za kidaktari. Hassan hupatwa na kifafa na karibu neno lake pekee ni Hooyo, yaani mama kwa Kisomali. Mtoto anayemsoma humzoea kama rafiki, na hapo mzazi hupata nafasi ya kueleza kuwa kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kugusana, jambo ambalo hata watu wazima wengi hawajalikubali.

Vitabu hivi ni vya Kiingereza na bei yake si ndogo. Hilo lisikuzuie, mzazi. Simulia picha kwa lugha ya nyumbani. Au chukua karatasi za daftari, uzishone, umwachie mtoto achore: mtu anayehama ghafla angebeba nini? Usisahihishe mchoro wake.

Soma mchana au jioni mapema, si wakati wa kuzima taa. Usiruke ukurasa wa huzuni, wala usikomee hapo. Fika mahali ambapo watu wanapata maji, shule au rafiki. Akiuliza ni nani aliyechoma, jibu ukweli kwa kadiri ya umri wake, ila usilitaje kabila kama jibu. Darasani anakaa dawati moja na watoto wa pande zote.

Jambo moja husahaulika. Mama wengi wanaoleta watoto kliniki sasa walikuwa wenyewe watoto mwaka 2008, na wengine walilala kwenye mahema hayo. Koo ikikukaba katikati ya ukurasa, sema tu kwamba nawe ulikuwa mdogo na uliogopa, ufunge kitabu hadi kesho. Na iwapo ni wewe unayekosa usingizi, au mtoto anaendelea kushtuka usiku na kukataa shule kwa zaidi ya mwezi mmoja, nendeni wote wawili mkamwone daktari.